Shauri la Shikamoo

Jamhuri ya Bulumbwe ni nchi yenye utaratibu. Anayedhani vinginevyo anaruhusiwa kabisa kusema, mradi aseme kwa maandishi, aambatanishe picha mbili za pasipoti, na asitarajie kujibiwa. Katika nchi hiyo hakuna anayeajiriwa kwa kujuana. Watu wote huajiriwa kwa mtihani, na wanaojuana hufaulu mtihani.

Katika ukumbi wa kuingilia wa Tume Tukufu ya Ajira palikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, na nyuma yake aliketi Bi Sikudhani Mtulia. Alikuwa mpokea wageni wa muda. Muda wenyewe ulianza kitindamimba wake akiwa mgongoni, na sasa kitindamimba huyo alikuwa ameota ndevu. Mtumishi wa muda katika Bulumbwe hana likizo, hana pensheni, na akiugua anahesabiwa kuwa ametoroka. Meza yake ikiyumba haitengenezwi, kwa kuwa si busara kutengeneza meza ya mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Miaka yote hiyo Sikudhani aliyumba na meza yake, akiwaambia wageni karibuni, subirini, mkubwa yuko msibani, njooni kesho.

Alitaka kitu kimoja tu, nacho ni barua ya ajira ya kudumu. Mama yake, Bi Chausiku, alikuwa akiiombea barua hiyo kila alipoinua mikono, kabla hata ya kuwafikia marehemu wake.

Siku moja ikatangazwa nafasi ya Afisa Mapokezi wa Kudumu, mtu mmoja tu, umri usizidi miaka arobaini na mitano. Sikudhani alikuwa na arobaini na minne. Tangazo alilibandika ukutani mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akaandika maombi, akayapokea, akayagonga muhuri, kisha akajiambia kwa upole kwamba ataitwa akihitajika.

*

Mtihani wa maandishi ulikuwa mgumu. Swali la kwanza, lililobeba alama nyingi kuliko mengine yote, liliuliza hivi: mtumishi wa umma akiona jambo kwa macho yake, na karatasi ya serikali ikasema jambo jingine, aamini lipi? Watahiniwa wengi, vijana wenye shahada na matumaini, waliandika kwamba ataamini macho. Wakaanguka vibaya. Sikudhani, ambaye maisha yake yote ya kazi yalipita mbele ya karatasi za serikali, aliandika neno moja: karatasi. Akawa wa kwanza nchi nzima.

Ukabaki usaili wa ana kwa ana, ambao kila mtu alimwambia ni wa kupita tu. Alikuwa akienda kuonana na Dakta Polikapi Mzwanya, Mwenyekiti wa Tume, mtu aliyempokea mlangoni kila asubuhi.

Dakta Polikapi, kwa macho, alikuwa mzee. Mgongo ulikuwa umeinama, magoti yalilia akipanda ngazi, na nywele zake alizipaka piko kila Ijumaa, na kufikia Jumatano zilikuwa zimeota mvi tena. Kwa karatasi alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane. Sheria ya Bulumbwe humstaafisha mtumishi akifika sitini, na Dakta alikuwa ameikaribia sitini mara kadhaa. Kila alipoikaribia alikwenda kwa kamishna wa viapo, akaapa kwamba marehemu mama yake alikosea kukumbuka mwaka, akarudi ofisini kijana. Hivyo ndivyo mwanawe wa kwanza alivyomtangulia kustaafu. Hakuna aliyeona ajabu, maana wakubwa wote walifanya vivyo hivyo. Rais mwenyewe, kwa karatasi, alikuwa mdogo kuliko wimbo wa taifa alioutunga.

Ni kiungo kimoja tu cha Dakta kilichokataa kushirikiana na serikali. Kibofu chake hakikuwahi kuapa kiapo chochote, na kilimpeleka msalani kwa umri wake halisi.

*

Lazima ielezwe kwamba katika Bulumbwe mdogo ndiye huanza kumwamkia mkubwa. Mkubwa akimwamkia mdogo, anakuwa ama anamdhihaki ama anamtakia mabaya. Hata watoto wachanga wanalijua hilo, isipokuwa hawajaweza kulisema.

Sikudhani aliingia chumba cha usaili akiwa amevaa vizuri, na shikamoo ilikuwa tayari mdomoni kama siku zote. Hapo akaiona beji. Tume ilikuwa imewaagiza maofisa wote wavae beji mpya, kubwa, zenye jina, cheo na mwaka wa kuzaliwa, kwa ajili ya uwazi. Mwaka ulioandikwa kifuani kwa Dakta Polikapi ulimfanya Sikudhani kuwa dada yake mkubwa, tena si kwa kidogo. Macho yakamwambia huyu ni babu. Karatasi ikamwambia huyu ni mdogo wako. Akalikumbuka swali la kwanza, akaikumbuka alama aliyopewa, na shikamoo ikarudi tumboni.

Akasimama akingoja kuamkiwa. Dakta naye alikuwa akingoja kuamkiwa. Wajumbe wa jopo, ambao kazi yao ilikuwa kuandika maneno ya Mwenyekiti, hawakuwa na la kuandika. Mmoja akaisafisha miwani, mwingine akahesabu vigae vya dari. Feni ikazunguka. Dakta akakunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, kisha akaibana miguu yote miwili na kutazama mlango kwa uchungu. Kengele ya kumaliza ilipolia, yeye ndiye aliyetoka kwanza, mbiombio.

Matokeo yakabandikwa, na aliyeyabandika ni Sikudhani. Mbele ya jina lake iliandikwa sifuri, na maelezo yake yalikuwa maneno mawili: Hana salamu. Nafasi, tangazo liliendelea, itabaki wazi mpaka apatikane mtu mwenye adabu. Fununu zilisema adabu hiyo tayari ilikuwa imeonekana kwa mpwa wa Mwenyekiti, ila mpwa alikuwa bado hajamaliza shule.

Sikudhani alilia njia nzima. Nyumbani Bi Chausiku alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Si ungemwamkia tu," mama akasema. "Shikamoo hainunuliwi dukani."

"Ningemwamkia, mama, ningekuwa nimelikosa swali la kwanza."

Bi Chausiku akauweka ungo chini. Alifikiri, akatikisa kichwa, akafikiri tena, na kila alivyofikiri alizidi kumwona binti yake yuko sawa, jambo lililomkasirisha sana. Mwishowe akamwambia aende mahakamani, maana kama serikali imeshindwa kujua mkubwa ni nani, basi ilipe mtu aiambie.

*

Kesi za kupinga mitihani ya ajira zilikuwa jambo la kawaida Bulumbwe, hata Mahakama Kuu ikajengewa banda la pembeni la kuzisikilizia. Kuna aliyepinga matokeo kwa sababu mwenzake alikaa karibu na feni. Mwingine alifaulu, akapinga kufaulu kwake, akidai jambo hilo limemwondolea sifa mtaani. Lakini shauri la Sikudhani lilikuwa la aina yake, na Wakili Zakayo Ndimbwa, kijana aliyekuwa na ofisi chini ya ngazi za jengo la watu wengine, alilipokea kwa furaha mpaka akagonga kichwa.

Hati ya kuishtaki Tume ikaletwa Tume, mapokezi. Sikudhani akaipokea, akaisaini, akaigonga muhuri, akamwambia tarishi wa mahakama asubiri kidogo kwani Mwenyekiti yuko msalani.

Shauri likaenda kwa Jaji Shomvi Kirungi, mtu mzito wa maneno, aliyependa kuanza kila sentensi kwa kikohozi. Wakili wa Serikali akasimama na kumwuliza Sikudhani kama si kweli kwamba kila asubuhi, kwa miaka mingi, amekuwa akimwamkia Mwenyekiti bila shuruti. Sikudhani akakubali.

"Kwa nini basi siku ya usaili ulinyamaza?"

"Asubuhi zote hizo nilikuwa sijafanya mtihani, mheshimiwa. Nilipoufanya nikaelimika."

Banda zima likaguna. Jaji akaandika neno "kuelimika" na kulipigia mstari.

Siku iliyofuata Dakta Polikapi akapanda kizimbani. Alikuwa amepaka piko nyingi mno, na joto la banda likaanza kuiteremsha shingoni. Wakili Zakayo alimwuliza swali moja tu, swali ambalo hata mtoto wa chekechea hulijibu kwa vidole.

"Una miaka mingapi?"

Dakta akamtazama Wakili wa Serikali. Wakili wa Serikali akatazama viatu vyake. Dakta akisema ni mzee anayestahili shikamoo, ilimpasa astaafu jana yake, au tuseme miaka mingi kabla ya jana yake, na mishahara airudishe. Akisema ni kijana, basi alimkosea adabu dada yake mbele ya jopo.

"Mheshimiwa Jaji," Dakta akasema, "naomba ufafanuzi. Ninaulizwa umri wa kiutumishi, au umri wa nyumbani?"

Jaji akakohoa. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki, kama kisheria inawezekana mtu kuwa na umri wa aina mbili. Wakili Zakayo akajibu kwamba jambo hilo linaweza kuthibitishwa na shahidi, akamwita mwana wa kwanza wa Dakta, mstaafu aitwaye Evaristi, aliyeingia akitembelea mkongojo. Evaristi akaeleza kwa utulivu kwamba nyumbani yeye humwamkia baba. Lakini enzi walipokuwa ofisi moja, baba ndiye aliyemwamkia mwana, kwenye korido, kwa sauti ya chini, ili kuheshimu karatasi.

Hapo Dakta akaomba ruhusa ya kutoka. Akapewa. Akarudi, akaomba tena. Shauri likaahirishwa kwa sababu za kiafya za upande wa utetezi. Likaahirishwa tena kwa kuwa Jaji alikwenda kuapa kiapo chake binafsi ambacho hakikuhusiana kabisa na shauri, na aliporudi alionekana amechangamka. Likaahirishwa kupisha mvua, kupisha sherehe za uhuru, na kupisha ukarabati wa banda, ambao haukufanyika. Sikudhani aliendelea kukaa kwenye meza yake inayoyumba, akiwapokea mawakili waliokuja kupanga namna ya kumshinda na kuwaonyesha chumba cha mkutano kilipo. Katika kuahirishwa huko sikukuu zake za kuzaliwa zikaja na kupita, na hakuna aliyezitilia maanani, hata yeye mwenyewe.

*

Hukumu ilisomwa siku nzima. Jaji Shomvi alianza na asili ya salamu ulimwenguni, akapitia adabu za ndege, akafika kwenye Katiba baada ya chakula cha mchana. Alipoikaribia hoja yenyewe alikohoa mara tatu, kwa kuwa alijua vizuri kwamba mahakama ikiamua macho ndiyo ya kuaminiwa, serikali nzima itakwenda nyumbani jioni hiyo, na yeye atakuwa mbele akiwaonyesha njia.

Akaamua, basi, kwamba umri wa mtu ni ule ulioandikwa. Dakta Polikapi ni kijana. Sikudhani ni mkubwa wake. Kijana huyo alipaswa kumwamkia dada yake na hakufanya hivyo, kwa hiyo usaili ni batili, na Sikudhani, kama wa kwanza katika mtihani halali uliobaki, apewe nafasi yake. Ili kuilinda hukumu isidharauliwe, Jaji aliagiza pia kwamba kuanzia kesho watumishi wote waamkie watu kwa mujibu wa beji zao, na kwamba mdogo yeyote asivuke mapokezi ya ofisi ya umma kabla mkubwa wake aliyeko hapo hajaitikia salamu yake. Askari wa milangoni wasimamie.

Kesho yake Bulumbwe iliamka nchi nyingine. Makatibu wakuu wenye magoti mabovu waliwaamkia madereva wao. Waziri wa Mifugo alipanga foleni kumwamkia mfagizi. Wafagizi, watu wasio na fedha za kuapia, walijikuta ndio wazee wa taifa, wakajifunza haraka kuitikia kwa kukokota. Rais alifuta safari zake zote za ndani, kwa kuwa ingemlazimu kuanza salamu kwa kila mwananchi aliyemaliza shule ya msingi.

Sikudhani alishinda, na kwa muda wa wiki moja aliamini kwamba ameshinda. Bi Chausiku alishona gauni.

*

Ndipo Dakta Polikapi akashuka mwenyewe mapokezi jioni moja akiwa na tabasamu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya ajira ya kudumu, imechapwa vizuri, haijasainiwa. Sikudhani alipoiona alihisi machozi. Ya pili ilikuwa hati ya kiapo yenye nafasi tupu.

Dakta akaeleza kwa huruma kwamba kuna jambo dogo. Wakati shauri likisikilizwa, Sikudhani alivuka arobaini na mitano, na sheria haimruhusu Mwenyekiti kuajiri mzee. Lakini asijali. Aape tu kwamba mama yake alikosea kukumbuka. Kamishna wa viapo hapunguzi rejareja, hupunguza miaka kumi kumi, kwa hiyo atatoka hapo binti mbichi na barua yake itatiwa saini.

Sikudhani aliishika kalamu. Ni kweli aliishika, na hakuna sababu ya kumfichia, maana alikuwa ameingoja barua ile nusu ya maisha yake. Kisha akapiga hesabu. Akipungua miaka kumi, basi siku ya usaili alikuwa mdogo kuliko Dakta. Kama alikuwa mdogo, yeye ndiye aliyepaswa kuamkia. Kama ndiye aliyepaswa kuamkia, sifuri yake ilikuwa halali. Akainua macho, na nyuma ya nguzo ya ukumbi akaona tumbo la Wakili wa Serikali limejitokeza, pamoja na ncha ya rufaa iliyokwisha chapwa.

Akaiweka kalamu chini. Akamwuliza Mwenyekiti kwa nini wasiandike kwenye barua tarehe ya siku ya usaili, siku ambayo umri wake ulikuwa unaruhusu.

Dakta Polikapi alishtuka kwa dhati. Akasema hilo ni kughushi. Akasema ameitumikia nchi hii tangu kabla hajazaliwa na hajawahi kughushi tarehe ya barua. Akaziacha karatasi zote mbili mezani, akamwambia aape kufikia kesho, na akaondoka akitikisa kichwa kwa jinsi maadili yalivyoporomoka.

*

Asubuhi Dakta alichelewa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu mkuu wa mkoa alikuwa akimwamkia muuza maandazi, na muuza maandazi alikuwa hajamaliza kutafuna. Dakta aliingia ukumbini kwa hatua fupifupi, magoti yamegusana, jasho la piko likimtiririka. Msala ulikuwa ndani, baada ya mapokezi. Askari alikuwa amesimama mlangoni kwa amri ya mahakama.

"Shikamoo, Bi Sikudhani," akasema upesi.

Sikudhani alimtazama. Shikamoo ile ilikuwa nzuri, imetamkwa sawasawa. Hakuitikia.

"Shikamoo, dada."

Feni ikazunguka. Nyuma ya Dakta wajumbe wa Tume wakaanza kujipanga, vijana wote kwa karatasi, kila mmoja na mgongo wake. Mjumbe mmoja akaisafisha miwani. Mwingine akahesabu vigae. Dakta akasimama kwa mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha akaibana yote miwili. Sikudhani aliijua hali ile. Alikuwa ameishuhudia siku moja akiwa upande wa pili wa meza, amevaa vizuri, roho mkononi. Taratibu, akaisogeza mbele barua ya ajira, na kalamu juu yake.

Dakta akaiona. "Tarehe ya usaili?" akanong'ona. "Hiyo ni jinai."

"Mama yako alikosea kukumbuka mwaka," Sikudhani akasema. "Na wewe umekosea kukumbuka tarehe. Ni jambo la ukoo."

Dakta akaichukua kalamu. Akaanza kuandika tarehe, meza ikayumba, kalamu ikateleza. Akajaribu tena, ikayumba tena, na uso wake ukawa wa kutia huruma kweli. Sikudhani akamwomba asubiri kidogo. Akaichukua ile hati ya kiapo, akaikunja mara kadhaa mpaka ikawa nene, akainama bila haraka yoyote, akaisokomeza chini ya mguu mfupi. Akaibonyeza meza kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa kwa muda, meza ilitulia.

"Sasa andika," akasema.

Dakta akaandika tarehe, akatia saini. Sikudhani akaisoma barua tangu juu hadi chini, akaigonga muhuri, akaikunja, akaiingiza kwenye mkoba, akaufunga mkoba.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Pita."